Dabigatrani au warfarini? Dawa za kuzuia damu kuganda zikilinganishwa kwa mgonjwa wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

"Mwanangu, nasikia kuna dawa mpya ya kuyeyusha damu, haina habari ya kupima kila mwezi. Mbona mimi bado mnanipa warfarini?" Swali hili linafika kwenye dirisha la dawa kila mara siku hizi. Mzee ambaye kipimo cha ECG kimeonyesha mapigo yanayorukaruka anauliza. Kijana mwenye valvu ya chuma moyoni, yaani mlango wa moyo wa bandia, anauliza. Mama ambaye mguu ulivimba wiki mbili baada ya kujifungua naye anauliza. Kijana nitamkatalia papo hapo. Mzee pengine nitamuunga mkono. Mama itabidi kwanza aniambie kama ananyonyesha.

Kwa hiyo kabla ya kushindanisha dawa na dawa, shika jina la ugonjwa wako. Fungua cheti uangalie kilichoandikwa: AF, yaani yale mapigo yasiyo na mpangilio, valvu, bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, au mshipa wa moyo ulioziba. Anayesimulia kwamba jirani yake kabadilishiwa dawa na sasa yuko vizuri, muulize jirani anaumwa nini.

Ninayemwandikia hasa ni mgonjwa na ndugu anayemuuguza, ingawa tabibu wa zahanati ya kisiwani naye atakuta ya kwake humu. Chochote utakachoona hapa kipeleke kwa daktari wako kama swali. Usiache wala kubadili dawa hizi mwenyewe. Anayeziacha ghafla anaweza kupata kiharusi ndani ya siku chache.

Kila dawa inashika wapi

Damu huganda kwa msururu wa protini zinazoamshana moja baada ya nyingine. Karibu na mwisho wa msururu kuna kimeng'enya kiitwacho thrombini. Hicho ndicho kinachogeuza fibrinojeni, iliyoyeyuka ndani ya damu, kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi zinasukana, chembe nyekundu zinanasa humo kama dagaa kwenye wavu, na bonge limekamilika. Thrombini pia huamsha chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha, kisha hurudi nyuma kuchochea hatua zilizoitangulia. Ukiishika hiyo umeshika mahali penye uzito.

Warfarini inashika mbali kidogo. Inalizuia ini kutumia upya vitamini K, na bila vitamini hiyo ini haliwezi kutengeneza sawasawa protini namba 2, 7, 9 na 10 za kugandisha damu. Zile zilizokwisha kutengenezwa lazima ziishe zenyewe, na ndiyo maana warfarini huchukua siku kama tano kushika kazi. Heparini haimgusi adui kwa mkono wake. Inaipa nguvu antithrombini, protini ambayo mwili unayo tayari. Rivaroksabani na apiksabani zinafunga namba 10, hatua moja kabla ya thrombini.

Halafu ndipo zinakuja dawa zinazoikamata thrombini moja kwa moja bila kupitia kwa antithrombini: bivalirudini, argatrobani na dabigatrani. Zina jambo moja ambalo heparini haiwezi. Thrombini iliyojificha ndani ya bonge lililokwisha kuganda, heparini haiifikii vizuri, hizi zinaifikia. Ila hakuna hata moja kati ya dawa zote nilizozitaja inayoyeyusha bonge lenyewe. Zinalizuia lisikue na jingine lisitokee, mwili ndio unalimeng'enya taratibu.

Ukoo huu ulianza na ruba. Mwaka 1884 John Berry Haycraft alionyesha kwamba majimaji ya kinywa cha ruba yanazuia damu kuganda, na katika miaka ya 1950 Mjerumani Fritz Markwardt akafanikiwa kuitenga protini yenyewe, hirudini. Bivalirudini ilitengenezwa kwa kufuata umbo la hirudini. Argatrobani ni ya njia nyingine kabisa, ilitoka Japani. Kidonge cha kwanza cha ukoo huu, ksimelagatrani, kiliondolewa sokoni mwaka 2006 kwa sababu ya kuumiza ini, jambo linalofaa kukumbukwa kila tunaposikia neno "mpya". Dabigatrani, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Pradaxa, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2008 kwa waliobadilishiwa nyonga na goti, na Marekani mwaka 2010 kwa wagonjwa wa AF.

Za sindano, kwa kifupi

Bivalirudini na argatrobani ni dawa za chumba cha kuzibulia mishipa na ICU. Hakuna anayekwenda nazo nyumbani, kwa hiyo mgonjwa hana cha kuchagua hapo. Lakini inafaa ndugu ajue kwa nini zinatajwa.

Bivalirudini hutumika wakati wa kuzibua mshipa wa moyo kwa puto na kuweka stenti, kijibomba cha kuushikilia usizibe tena. Sifa yake kubwa ni kuisha upesi: kila baada ya dakika 25 hivi, nusu yake imeondoka, iwapo figo ni nzima. Utafiti wa HORIZONS-AMI wa 2008 ulionyesha kwamba wagonjwa wa mshtuko wa moyo waliopewa bivalirudini walivuja damu kidogo kuliko waliopewa heparini pamoja na dawa nyingine kali ya kuzuia chembe sahani. Wengi wakashangilia. Mwaka 2014 hospitali moja ya Liverpool ikailinganisha na heparini peke yake katika utafiti wa HEAT-PPCI, na heparini ya bei rahisi ikatoka na matokeo mazuri zaidi. Kwa hiyo ukisikia ndugu yako kazibuliwa mshipa kwa heparini tu, usidhani kapewa huduma ya daraja la pili.

Argatrobani ina kazi moja ambayo ni vigumu kuikwepa. Kuna wagonjwa wachache ambao heparini inawageukia: kinga ya mwili inaishambulia, chembe sahani zinashuka, mara nyingi chini ya nusu, kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu sindano zianze, na badala ya kuvuja damu wanaganda. Mguu unaweza kupotea. Hapo heparini ya aina yoyote inasimamishwa, pamoja na enoksaparini, hata ile kidogo ya kusafishia mpira wa dripu. Warfarini nayo haianzishwi mpaka chembe sahani zipande tena, kwa sababu siku za mwanzo inaweza kuongeza madhara. Argatrobani inaondolewa na ini, hivyo mwenye figo mbovu anaimudu. Mwenye ini bovu anapunguziwa dozi sana. Mahali ambapo haipo, fondaparinuksi ya sindano hutumika. Lililo muhimu kwa hospitali ya wilaya ni kupima chembe sahani za mgonjwa aliyelazwa kwa heparini wiki nzima. Kipimo cha damu kamili kinatosha kushtuka na kuandika rufaa.

Dabigatrani na warfarini kwa mwenye AF

Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli, kwa sababu kote kuwili kuna hoja nzuri.

Moyo wa AF unatetemeka pale unapotakiwa kubana, damu inatuama kwenye kifuko kidogo cha chumba cha juu cha kushoto, bonge linatokea, linapanda ubongoni. Aspirini ndogo ya miligramu 75, ambayo wazee wengi wamepewa kwa ajili hiyo, haitoshi kulizuia bonge la namna hii. Ushindani ni kati ya warfarini na hizi za kisasa.

Utafiti mkubwa wa dabigatrani, RE-LY, ulitoka 2009. Ulihusisha watu 18,113 wa nchi 44. Kwa mwaka, kiharusi au bonge lililokwenda kwenye kiungo kingine liliwapata asilimia 1.69 ya waliotumia warfarini, asilimia 1.53 ya waliotumia dabigatrani miligramu 110 mara mbili kwa siku, na asilimia 1.11 ya waliotumia miligramu 150 mara mbili. Ukiichukua kwa watu 1,000, ni kama 17 kwa 11. Kiharusi cha kuvuja damu ubongoni, ambacho ndicho kinachotisha kuliko vyote kwa anayemeza dawa hizi, kilikuwa asilimia 0.38 kwa warfarini na kama robo tu ya hapo kwa dozi ya 150. Mimi hiyo namba ya pili ndiyo inayonishawishi zaidi.

Lakini tumbo lililipia. Dozi ya 150 ilivujisha damu kwenye njia ya chakula zaidi ya warfarini, na watu zaidi ya 11 kati ya 100 walilalamika kiungulia au maumivu ya tumbo, wakati kwa warfarini walikuwa kama 6. Ndani ya kidonge kuna punje zenye asidi ya kusaidia dawa ifyonzwe, na asidi hiyo inaunguza. Kumeza na maji mengi, ukiwa umekaa au umesimama, baada ya chakula, kunapunguza. Wengine haiwapungui, wanaacha dawa kimyakimya, na aliyeacha ni sawa na asiyeandikiwa.

Katika RE-LY waliotumia warfarini walikuwa na INR, yaani kile kipimo cha kila mwezi kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kati ya 2 na 3 kwa asilimia 64 ya muda. Mgonjwa ambaye INR yake imetulia namna hiyo au kuzidi, na hana malalamiko, sioni sababu ya kumhamisha. Shida ni yule ambaye leo ana 1.4, mwezi ujao 5.2, na katikati yake hakupima kabisa.

Na kupima kwetu kunategemea unaishi upande gani wa maji. Wa Nyakato au Igoma anapanda daladala asubuhi, mchana yuko nyumbani na majibu yake. Wa Sengerema amepata unafuu mkubwa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hasubiri tena kivuko. Wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anangoja meli, anavuka, anatoa damu, na majibu yakichelewa analala mjini kwa ndugu. Wa Ukara ana maji mawili ya kuvuka. Kipimo chenyewe kinachukua muda mfupi. Kinachomaliza mgonjwa ni nauli na siku za kazi zinazopotea. Ndiyo maana ukilinganisha bei usiweke paketi ya warfarini na boksi la dabigatrani peke yake mezani. Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, maabara, chakula cha mjini na mauzo yaliyolala siku hiyo. Kwa mkazi wa mjini, warfarini bado itashinda kwa bei. Kwa wa visiwani, hesabu inaweza kugeuka.

Kisha jiulize swali ambalo watu hawapendi: dawa hii nitaipata mwezi wa tatu? Warfarini ukisahau siku moja, kinga haipotei palepale. Dabigatrani nusu yake inaondoka ndani ya saa 12 hadi 17, hivyo ukikosa dozi mbili au tatu unabaki mtupu. Mtu ambaye hana uhakika wa kununua miezi mitatu mfululizo, au bima yake haijathibitisha kwamba italipia, bora abaki na warfarini inayopatikana kuliko dabigatrani ya kuungaunga.

Kuhusu mboga: matembele, mchicha na kisamvu vina vitamini K, na vinaivuta INR chini. Nimewaona wagonjwa walioacha mboga kabisa wakabaki na ugali na sangara. Hawakuambiwa vizuri. Kula mboga zako kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, dozi ya warfarini ndiyo itakayopangwa kuifuata sahani yako. Anayetumia dabigatrani hana habari na mboga, na kwa wengi hiyo ndiyo raha yake ya kwanza.

Bahasha ya dawa na unyevu wa ziwa

Hili nitalikalia kidogo kwa sababu halisemwi. Tumezoea kuhesabu vidonge, kuvitia kwenye bahasha ndogo ya nailoni, kuandika 1x2, na kumkabidhi mgonjwa. Kwa warfarini inapita. Kwa dabigatrani ni kosa. Punje zake zinaharibika zikikutana na unyevu, hivyo kila kidonge kinatakiwa kibaki kwenye karatasi yake ya bati mpaka dakika ya kumezwa. Ya chupa ina kifuniko chenye dawa ya kukausha unyevu, na mtengenezaji anaelekeza kwamba ikishafunguliwa itumike ndani ya miezi minne. Hakuna kuihamishia kwenye kopo jingine, wala kile kiboksi cha plastiki cha kupangia dawa za wiki.

Sasa mfikirie mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani wakati wa giza na kurudi alfajiri, dozi ya jioni iko mfukoni mwa koti lililolowa. Akate kipande cha bati chenye kidonge kimoja bila kukifungua, akifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ama apange saa zake ziwe kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka, mradi zipishane saa 12. Akisahau, ameze iwapo zimebaki zaidi ya saa 6 kufikia dozi inayofuata. Zikiwa pungufu, airuke, asirudishie kwa kumeza viwili.

Tena kidonge hiki hakifunguliwi wala kutafunwa. Bibi asiyeweza kumeza, mjukuu akimfungulia akanyunyiza punje kwenye uji, dawa inayoingia mwilini inaweza kupanda kwa asilimia 75. Hiyo ni dozi nyingine kabisa. Asiyeweza kumeza kidonge kizima, au anayelishwa kwa mpira wa puani, asiandikiwe dabigatrani. Warfarini inasagwa bila shida.

Figo: usiridhike na namba ya kreatinini

Dabigatrani huondoka mwilini kwa figo, kama asilimia 80 yake. Warfarini inashughulikiwa na ini. Kwa hiyo kabla ya dabigatrani lazima kreatinini, taka ya damuni inayosafishwa na figo, ipimwe, na isiishie kusomwa tu. Ikokotolewe pamoja na umri na uzito.

Chukua bibi wa miaka 78 mwenye kilo 48, kreatinini mikromoli 110 kwa lita. Kwenye karatasi ya maabara inaonekana imepita mstari kidogo tu. Ukikokotoa kwa kanuni ya Cockcroft na Gault, figo zake zinasafisha mililita 28 kwa dakika. Mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 75 na kreatinini ile ile 110 anapata 84. Namba moja, watu wawili tofauti. Chini ya 30, miongozo ya Ulaya inakataza dabigatrani, na hata Marekani, ambako kuna dozi ndogo ya miligramu 75 kwa watu hao, haikupitia utafiti wa RE-LY. Bibi huyo ni wa warfarini, au apiksabani ambayo figo zinabeba kama robo yake tu. Mwenye miaka 80 na zaidi ambaye figo zinaruhusu hupewa miligramu 110 mara mbili badala ya 150.

Figo pia zinabadilika. Kuhara kwa siku tatu au malaria kali inaweza kuzishusha ghafla, na dabigatrani ikajikusanya. Anayeambiwa "hii haina vipimo" ameambiwa nusu ya habari. INR haihitajiki, kreatinini inahitajika angalau kila mwaka, na mapema zaidi kwa mzee au mgonjwa.

Kichocho, tumbo na kutapika damu

Tafiti kubwa za dawa hizi hazikufanywa kwa kumfikiria mkazi wa mwambao wa Ziwa Victoria. Kichocho cha tumbo kimezoeleka huku, visiwani zaidi. Mayai ya minyoo yake yakikwama kwenye ini miaka mingi yanaacha makovu, shinikizo la mshipa unaopeleka damu kwenye ini linapanda, bandama linavimba, na mishipa ya koo la chakula inatanuka kama iko tayari kupasuka. Mtu anaweza kuishi nayo bila kujua hadi siku atakapotapika damu.

Mpe mtu huyu dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, tena ile ambayo imeonekana kuvujisha tumbo zaidi, na umemtafutia makubwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyekulia Ukerewe, Kome au kambi yoyote ya uvuvi, ambaye bandama linapapasika au aliwahi kutapika damu au kupata choo cheusi, afanyiwe kwanza ultrasaundi ya ini na, ikibidi, kipimo cha kuingiza kamera tumboni. Prazikwanteli inaua minyoo. Mishipa iliyokwisha kutanuka hairudi siku hiyo hiyo. Ini likiwa limechoka, warfarini nayo inasumbua, INR inaweza kuwa juu kabla hata hujaanza dawa. Hapa sina mshindi wa kukutajia. Ni mgonjwa wa kukaa na daktari bingwa na kupima hatari ipi ni kubwa.

Dawa nyingine unazomeza

Rifampisini ya TB inaishusha dabigatrani hadi isitegemewe, kwa hiyo hazichanganywi. Warfarini nayo inashushwa, lakini angalau INR inaonyesha, dozi inapandishwa, kisha inateremshwa kwa uangalifu TB ikiisha. Kwa mgonjwa wa TB mwenye bonge mguuni, warfarini yenye vipimo vya karibu au enoksaparini ndiyo njia. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri kwa kawaida hana mgongano mkubwa. Aliye kwenye mstari wa pili wenye ritonaviri aseme mapema kabla ya kuandikiwa.

Kwa warfarini, zinazonitia hofu ni zile zinazonunuliwa dukani bila cheti: metronidazoli, Septrin, flukonazoli. Zote zinaipandisha INR. Mtu anatibu tumbo la kuhara kwa metronidazoli siku saba, siku ya sita fizi zinatoka damu. Kwa dabigatrani angalia verapamili na ketokonazoli. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa zote mbili; maumivu ya mgongo tumia parasetamoli kwa kiasi.

Valvu na moyo wa rumatiki

Mwenye valvu ya chuma anatumia warfarini. Mwaka 2012 utafiti wa RE-ALIGN, ulioijaribu dabigatrani kwa watu wenye valvu za namna hiyo, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliotumia dabigatrani walipata mabonge mengi zaidi na kuvuja damu zaidi. Vyote viwili kwa pamoja. Ukirudi kutoka upasuaji Dar es Salaam na warfarini mkononi, INR uliyopangiwa ndiyo ulinzi wa valvu hiyo, na hata meli ikiwa mbali lazima uipande.

Huku kwetu kuna kundi jingine kubwa: vijana, wanawake wengi, ambao valvu zao wenyewe ziliharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuata tonsesi za utotoni zisizotibiwa. Wakipata AF, ungedhani watafaidika na dawa za kisasa kama wazee. Utafiti wa INVICTUS wa 2022, uliofanywa kwa zaidi ya wagonjwa 4,500 wa aina hii, wakiwemo Waafrika wengi, ulilinganisha rivaroksabani na warfarini na ndugu zake. Waliotumia rivaroksabani walikufa zaidi. Dabigatrani haikuwemo, lakini baada ya matokeo hayo sioni wa kumtoa mgonjwa wa valvu iliyobana kwenye warfarini ili ajaribu.

Bonge la mguuni na la mapafu

Dabigatrani haianzi peke yake. Inatanguliwa na sindano za heparini au enoksaparini kwa siku tano au zaidi, halafu miligramu 150 mara mbili. Warfarini inaanza pamoja na sindano, na sindano zinaendelea angalau siku tano na mpaka INR ifike 2. Rivaroksabani inaanza siku ile ile bila sindano, miligramu 15 mara mbili kwa siku 21, kisha 20 mara moja pamoja na chakula. Kwa mgonjwa anayetaka kurudi kisiwani kesho, ukweli ni kwamba rivaroksabani ina urahisi kuliko dabigatrani, na sitaficha hilo kwa kuwa mada yangu ni thrombini.

Yule mama wa uzazi: akiwa ananyonyesha, warfarini haimdhuru mtoto, dabigatrani haishauriwi. Akipata mimba nyingine habari inageuka, warfarini inaweza kumlemaza mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, dabigatrani haitumiki, na enoksaparini ndiyo inayobaki. Asingoje kliniki ya kwanza. Aseme siku hedhi ikichelewa.

Damu ikitoka, na siku ya kubadilisha

Warfarini huzimwa kwa vitamini K na plazma, vitu ambavyo hospitali kubwa zinavyo. Dabigatrani ina dawa yake maalumu ya kuizima tangu 2015, idarusizumabu, gramu 5 kwenye mshipa, na inafanya kazi ndani ya dakika chache, lakini ni ghali na haipo kila mahali. Uliza hospitali unayotibiwa kabla hujaanza kidonge. Isipokuwepo, dabigatrani ina bahati moja: inaweza kutolewa kwa mashine ya kusafisha damu, na huduma hiyo Mwanza ipo. Vitamini K haiisaidii hata kidogo. INR nayo haipimi dabigatrani, ikiwa 1.2 usitulie. Kipimo cha muda wa thrombini kikiwa cha kawaida ndipo ujue dawa imekwisha.

Ukikubaliana na daktari kuhama kutoka warfarini kwenda dabigatrani, unaacha warfarini, unapima, na kidonge cha kwanza kinasubiri INR ishuke chini ya 2. Kurudi kinyume ni tofauti: figo zikiwa nzima, warfarini inaanza siku tatu kabla ya kuacha dabigatrani, kwa sababu inachelewa kushika. Vidonge vya warfarini vilivyobaki virudishe dirishani siku hiyo hiyo, visikae kabatini pamoja na vipya, na kwenye kadi yako ya kliniki futa jina la zamani, andika la sasa, dozi, na saa ya mwisho uliyomeza. Ukigongwa na pikipiki Buzuruga na kufikishwa hospitali huwezi kusema, hilo la saa ndilo wataanza kulitafuta.